Uso wa Mkwe Kwenye Kioo

Jumatatu, 11 Novemba

Kisanduku kimefika. Cheupe, kidogo kuliko tofali, taa tatu, antena mbili kama pembe za ndama. Mwanangu Mashimba amekitundika sebuleni, juu kidogo ya picha ya harusi yake. Sasa bwana harusi ana pembe. Nimemwambia. Hakucheka.

Sheria mpya ya nyumba: hakuna kununua vocha tena. Simu zote zipite kwenye mtandao wa kisanduku, na tunayempigia tutamwona uso. Kitochi changu kimestaafishwa. Mashimba amekitoa laini na kukizika kwenye droo ya betri za redio. Nimepewa simu ya kupangusa iliyoachwa na mkewe, Winnie. Kioo kimepasuka kwenye kona, ila nyuso zinapita.

Nimekubali bila kubisha. Wameshangaa, maana mimi hubisha hata nikiambiwa chakula tayari. Hawajui nina langu. Binti yangu Milembe amejifungua. Yuko Katavi, mbugani, alikokwenda na mumewe kufuata malisho. Mwaka wa nne huu sijamtia machoni. Mtoto ni wa kike na wamempa jina langu. Nyanjige! Kuna mtu mpya duniani anaitwa mimi, na sijui ana pua gani.

Na kuna haraka. Jumamosi wanavusha ng'ombe ng'ambo ya mto kabla haujajaa. Huko hakuna mtandao wa aina yoyote mpaka kiangazi. Mpaka kiangazi mtoto anakuwa mtu mwingine kabisa. Uso wa sasa hautarudi. Nautaka huu wa sasa.

Jioni tukapiga. Winnie kabonyeza, kanipa simu, kaenda kusonga ugali. Mimi nimekaa natafuna michembe, viazi vyetu vikavu. Kichwa wazi, bila kitambaa. Kioo kikawaka. Akatokea Anatoli.

Anatoli ndiye mume wa Milembe. Mkwe wangu! Kwetu sisi mama mkwe na mkwe wa kiume hawatazamani usoni. Akishika njia hii, mimi nashika ile. Tangu alipooa namjua Anatoli kwa viatu na kwa sauti tu. Leo nimemwona mpaka meno ya nyuma. Naye kaniona na kiazi mdomoni.

Nikaitupa simu. Ikaangukia kwenye ungo wa unga. Naye alitupa ya kwake, maana Winnie alipoiokota ile yangu na kupuliza unga, alikuta anga tupu, kisha pua ya ng'ombe. Akataka kuzima. Nikamkataza, labda Milembe atapita. Ng'ombe katutazama mpaka ugali ukaiva. Milembe hakupita.

Jumanne, 12 Novemba

Nimeamka na aibu yangu, nikanywa nayo uji.

Simu ya Milembe ilizama kwenye hori la kunyweshea ng'ombe. Iliyobaki ni ya Anatoli. Kwa hiyo kila nikipiga, atapokea yeye. Winnie ananiambia uso wa kwenye kioo si uso, ni picha. Nikamuuliza kwa nini basi hupaka poda kabla ya kumpigia mama yake.

Mashimba naye akaleta ya kwake, eti mama, hayo mambo ya zamani. Nikamkumbusha Jumatano iliyopita gulioni, mama yake Winnie alipotokea, ni nani aliyeingia nyuma ya magunia ya mpunga akachuchumaa kama kuku anayetaga. Kaenda kazini mapema. Kwenye kinu cha pamba hawamuulizi maswali kama haya.

Mpango nimeubuni mwenyewe. Plasta ya kidonda, nimeibandika juu ya kijicho cha simu. Sasa Anatoli hanioni. Bado mimi ningemwona, kwa hiyo nikafumba macho. Nikampa Winnie abonyeze.

Anatoli akapokea. Sauti chini, heshima tele. Nikasikia Winnie anajikaza asicheke. Kioo cheusi, kaniambia. Kumbe Anatoli naye kaziba simu yake kwa udongo wa kichuguu! Giza linaongea na giza.

Tumesalimiana vizuri kuliko siku yoyote. Yeye mwadila mayu, yaani mama, mimi mwadila baba. Akauliza mvua, akauliza pamba kama tumepanda, akauliza goti langu. Nikauliza ng'ombe. Kisha nikamuuliza Milembe. Kaenda kuchota maji, mtoto mgongoni. Nikasema nitangoja. Akasema naye atangoja na mimi. Tukangoja. Hasemi, sisemi, kila mtu anaogopa kumkatia mwenzake simu, ni utovu wa adabu. Mtandao ndio uliotukatia.

Nampenda sana Anatoli. Ndiyo maana simtazami.

Jumatano, 13 Novemba

Leo nimejishusha. Nimemwendea Felisita.

Felisita ni jirani yangu. Ana wajukuu Dar, na kila jioni huongea nao kwa picha akiwa amesimama hapo hapo kwenye uzio, kwa sauti ya kuuzia samaki, ili nisikie wanavyomwita bibi. Kuku wangu yeye huwaita wezi. Lakini kwa Anatoli yeye si mkwe, si shangazi, si chochote. Anaweza kumtazama mpaka achoke. Basi nikampangia kazi: ashike simu, amtazame Anatoli kwa niaba yangu, aombe aitwe Milembe, Milembe akifika aniite. Mimi nitakuwa nyuma ya mlango.

Akaja na kitenge cha kanisani. Kwa simu isiyo yake!

Nikasikia anasalimia. Nikasikia anacheka. Halafu nikasikia sauti ya mwanangu. Milembe! Hana sauti nzuri, hajawahi kuwa nayo. Akipalilia pamba na mimi alikuwa akiimba mpaka nyani wanahama. Leo nimeisikia nikashika ubao wa mlango. Nikangoja kuitwa.

Sikuitwa. Nikasikia Felisita anasema njoo kwa bibi, njoo mama, njoo.

Nikainuka. Goti likagoma. Nikalipiga ngumi, likakubali, nikatoka, na hapo hapo umeme ukakatika. Taa za kisanduku zikafa zote tatu. Felisita amesimama na simu, anajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Mtoto kapiga miayo, anasema. Mzuri, mzuri, mwenzangu, acha tu.

Nyanjige wangu anapiga miayo, na anayepigiwa ni Felisita.

Nikauliza pua. Ya Anatoli, akasema. Nikamwambia yeye pua ya Anatoli anaijulia wapi. Akajibu kwamba ameitazama kutwa nzima kwa kutumwa na mimi. Ni kweli, hiyo ndiyo iliyoniuma. Jioni akaja kuomba chumvi. Nimesema imekwisha. Chombo kiko mezani, kimejaa, anakiona.

Alhamisi, 14 Novemba

Umeme umerudi, mtandao unatambaa. Winnie kanifichulia jambo: Felisita kaingia kwenye kisanduku chetu! Anatumia mtandao wetu kupitia ukutani, wajukuu wa Dar wanapita humu sebuleni kwetu bila hodi. Neno la siri Mashimba aliweka jina langu. Na Felisita hulitaja jina langu kutwa akinilalamikia kuku, kwa hiyo hakuhangaika kukisia.

Nikachukua hatua. Kisanduku nimekigeuza pembe zake zielekee magharibi, Katavi. Upande wa Felisita nimekifunika kanga mbili na blanketi la Mashimba. Nikakaa chini yake nikiwa na simu, plasta imebandikwa, kitambaa kichwani.

Kisanduku kikaanza kunuka kuungua.

Mashimba karudi kakikuta kina homa. Kakivua nguo. Kisha kaniongelesha polepole, neno moja moja, kama anavyowaongelesha wakaguzi wa pamba. Mtandao, mama, hautoki upande mmoja. Nikamwambia hata harufu ya kitoweo haitoki upande mmoja, lakini ukifunga dirisha jirani hali. Kakishika kichwa.

Nikasema basi nirudishiwe kitochi. Akasema kitochi hakina uso. Hapo kanishinda.

Ijumaa, 15 Novemba

Umeme hakuna tena. Wingu zito upande wa Maswa.

Sikufanya hila yoyote leo. Nimechambua maharage. Nimeikalisha simu mapajani ingawa haina kazi. Nawaza mtoto mwenyewe kanyamaza tu huko, hajui kuwa ana mtu hapa Bariadi. Akiitwa Nyanjige anadhani wanamsema yeye peke yake.

Jumamosi, 16 Novemba

Siku ya mwisho.

Umeme ulirudi asubuhi. Nikaoga. Nikavaa gauni la Pasaka. Plasta nimeitoa, nataka mtoto anione na mimi. Nikamwambia Winnie apige, amwambie Anatoli hivi: yeye aipe simu mgongo, na mimi nitaipa mgongo, mpaka Milembe ashike.

Anatoli kafanya vilevile. Nimekaa naukodolea macho ukuta, nasikia nyuma yangu mtu anatembea kwenye nyasi akiwa kageuzia simu kisogo. Winnie anasema alijikwaa mara mbili. Ng'ombe wanalia, watu wanapiga miluzi, safari imeanza.

Kisha Anatoli akasema, "Mayu, geuka sasa. Nimempa."

Nikageuka. Milembe.

Kakonda. Kafunga kitambaa changu, kile nilichomfungia michembe siku anaondoka. Kanitazama. Nami nilikuwa na maneno ya miaka minne, yote yakakwama mlangoni.

"Umezeeka, mayu," akasema.

"Na wewe umekonda. Huyo mume anakunywa maziwa peke yake?"

Kwa mbali nikasikia Anatoli anakohoa. Milembe akacheka, na alipocheka nikamwona alivyokuwa. Nikamwambia anionyeshe mwenzangu. Mtoto alikuwa kifuani, kajificha ndani ya kanga, kalala.

"Nikimgeuza ataamka," akasema.

Nikamwambia amwache alale! Mimi! Sijui nani aliyeniambia niseme hivyo. Ni mazoea ya mama, mtoto akilala haguswi. Tukaongea yasiyo na maana, mafuta ya kupaka, tumbo la mtoto, kama nguo nilizotuma zilifika. Nikimtazama yeye, nikiitazama ile kanga inavyopanda na kushuka. Kisha sauti ya Anatoli ikasema ng'ombe wa mbele wameingia majini. Milembe akasema basi mayu, acha aamke tu, akaanza kufunua kanga.

Picha ikaganda.

Kioo kikabaki hivyo. Mkono wa Milembe, ncha ya kanga, sikio moja na nusu ya shavu. Pua haipo. Sikio dogo, limekunjwa juu kama jani la kunde changa.

Winnie kasema upesi kwamba kuna vitufe viwili, vikibonywa pamoja picha inabaki humo siku zote. Akanyoosha mkono. Nikaikwepesha simu. Nikasema asiguse mtu, itaondoka. Akasema haiondoki. Nikasema asiguse.

Nikaongea na lile sikio. Nimelieleza mimi ni nani. Nimeliambia kwamba jina nililipata kwa mama wa baba yangu, mwanamke aliyeswaga ng'ombe peke yake kutoka Mwanhuzi mpaka hapa akiwa na mimba, na wote walifika. Nimeliambia asiwe na goti kama langu. Nimeliambia asimwonee baba yake, mtu yule ana haya. Winnie alikaa chini karibu yangu, hakucheka hata mara moja.

Halafu chaji ikaisha. Kioo kikawa kama cha Anatoli siku ile ya udongo.

Sikio naliona bado. Ila najua kufika kiangazi litakuwa limekunjuka.

Jumatatu, 18 Novemba

Jana tumepiga, haiiti. Leo tumepiga, haiiti. Wamevuka.

Kanisani jana sikusikia mahubiri, nilikuwa nafikiri. Nimefikiri vizuri. Shida ni moja: ng'ambo ya mto hakuna mtandao. Sisi huku tunao, umetundikwa ukutani, taa tatu zinawaka, watu wanautumia kuangalia mpira. Na Felisita anauota kama moto wa bure. Mtandao uko kwa wasiouhitaji!

Mashimba alipokwenda kazini nikapanda kwenye stuli. Goti limekubali mara ya kwanza, linajua. Kisanduku nimekichomoa na waya wake wote. Nimekifungasha kwenye kapu, chini michembe, juu michembe, katikati blanketi, safari hii halitakiunguza. Umeme hawana, lakini sola ya kuchajia wanayo. Nimeongeza kanga mpya ya Anatoli, ya kujifunika kichwa akipokea, asiteseke tena na udongo.

Nimekwenda mwenyewe stendi. Kondakta wa basi la Shinyanga atampa wa Tabora, wa Tabora atampa wa Mpanda, na kule Wasukuma hawakosekani, watauliza njia ya kwa Anatoli. Nimemwambia kondakta asikilaze, antena zitavunjika. Kaniuliza ni nini. Nikamwambia ni mjukuu wangu.

Nimerudi, nimeoga, nimevaa gauni la Pasaka. Felisita kashakuja uzioni kulalamika kwamba wajukuu wake wamekatika. Nimempa pole, nimempa na chumvi.

Sasa nimekaa sebuleni na simu, chaji imejaa, nangoja wapige. Winnie ameutazama ukuta mtupu, akanitazama mimi, akauliza hiyo simu yao ikipigwa itaingilia wapi. Nimemwambia asinichanganye, asogee pembeni, ameniziba mwanga na mtoto hatanitambua.