Firmin Vidalenc Alivyolitamka Jina la Sidiria Sokoni

Tueni vikapu chini, enyi wenye masikio, mzisikie habari za Firmin Vidalenc, mchinja nguruwe mstaafu, simba wa milima ya Auvergne huko Ufaransa, aliyewakabili madume ya ng'ombe bila kupepesa jicho, ila jina la sidiria hakupata kulitamka tangu azaliwe.

Ginette mkewe alikuwa hospitalini, nyonga imeshaungwa, ruhusa ya kutoka ameipata. Lakini sidiria yake ya pekee wauguzi waliikata kwa mkasi siku alipoanguka, naye akaapa hatapita mbele ya majirani kifua kikimning'inia. Basi shujaa akashuka sokoni hadi kwenye meza ya Madamu Roumégoux, baina ya jibini na kuku, tulipokuwa tumepanga foleni. Akafumba macho, akalinguruma jina lenyewe la sidiria:

"Soutien-gorge moja!"

Soko zima likageuka kumtazama. Madamu Roumégoux akaendelea kukunja soksi.

"Watu huanza na bonjour, Firmin. Hata mwizi husalimia."

Ole wake! Pasipo salamu hajasema kitu, na vita aliyokwisha kuipigana ikambidi aipigane upya. Akavua kofia.

"Bonjour madamu. Bonjour nyote." Tukamwitikia. "Naomba... kile kitu cha Ginette."

"Kitu gani? Mimi nauza vitu vingi."

"We mama, huna huruma!"

"Haya ya nini, mzee mzima? Soutien-gorge maana yake ni mshika koo tu. Zamani koo lilianzia kidevuni likashuka mpaka huku kifuani, ndipo bibi zetu wakalichagua jina hilo wasije wakataja matiti. Walishaona haya kwa niaba yako!"

Firmin akaisogelea meza. Kisha akanena, kofia kifuani, sauti ikifika hadi kwenye kuku:

"Nipe soutien-gorge ya mke wangu. Nataka arudi nyumbani. Nimechoka kula peke yangu."

"Saizi?"

Hakujua. Akainua viganja viwili, vilivyopima mapaja ya nguruwe maisha yake yote, akavikunja kidogo. Madamu akavitazama, akachagua.

Jioni hiyo Ginette aliuvuka uwanja kwa gongo, koti wazi, kifua mbele, nasi tukasimama milangoni kama wapokeao jeshi lililoshinda. Tangu hapo mji wetu huhesabu mambo yake kabla na baada ya siku ile.

"Imenikaa barabara," akasema Ginette. "Saizi ulimwambiaje?"

Simba wa Auvergne akatia mikono mfukoni.