Mkanda wa Mashine ya Bi Nana

Jumatatu, 12 Juni 1989
Badi wangu anaoa. Yaani, karibu. Bi Nana wa Mambrui hajakataa kumtoa binti yake Chiku, na kwangu mimi hilo ni jibu.

Kilichomlainisha ni maneno yangu. Nilimwambia mwanangu ni fundi wa mitambo. Yuko hotelini, na hotelini mna mitambo. Kwamba hubeba masanduku ya wageni, sikuulizwa. Basi Bi Nana kanipa mashine kuukuu ya michezo ya televisheni, nduguye baharia aliitoa Japani. Diski ukiitia haizunguki. Badi akiitengeneza kufikia Alhamisi, posa imekubaliwa. Nikasema Alhamisi mbali, ataimaliza kabla chai haijapoa.

Jumanne, 13 Juni
Badi kaniuliza, mama, umenitia wapi? Nimemwambia anishikie tochi tu. Tumefungua. Mkanda wa mpira unaozungusha diski umeyeyuka, unanata kama halua. Nimetia mafuta ya nazi, dawa ya kila kitu nyumbani humu. Diski kimya. Sisimizi wamekuja.

Jumatano, 14 Juni
Mpira wa kiuno cha suruali: umelegea mno. Kisha nikaiona baiskeli ya Mzee Awadh, baba Badi, naye kalala. Nikachomoa tyubu, nikakata ukanda mwembamba kwa mkasi wangu wa kushonea, iliyobaki nikairudisha ndani ya tairi.

Diski inazunguka. Nani kama mimi.

Alhamisi, 15 Juni
Mambrui. Badi na kanzu mpya. Mashine ikawashwa, kijitu kikaruka kwenye televisheni. Bi Nana akamuuliza Badi ameifanyaje. Badi akatazama dari. Nikajibu mimi kuwa mafundi hawatoi siri.

Ndipo akaingia Mzee Awadh, aliyekuwa atufuate kwa baiskeli, jasho tele, tyubu mkononi. Hata salamu hakutoa. Anataka kujua ni hasidi gani kamkata tyubu kama anakata utepe. Bi Nana akatazama tyubu, akatazama mashine, akanitazama mimi. Nikashughulika na sambusa.

Nyuma ya pazia Chiku akaangua kicheko. Akasema fundi ni mama mkwe, na kwamba yeye Chiku anamtaka Badi vivyo hivyo alivyo, maana angekuwa mwongo angepata la kujibu, asingehesabu boriti.

Bi Nana kakubali, kwa sharti moja: niape sitamsifu tena Badi kwa kazi asiyoijua. Nimeapa, mkono kifuani.

Ijumaa, 16 Juni
Kiapo ni kiapo. Kabibi wa nyumba ya pili kaniuliza kama Badi anaweza kumtazamia friji. Nikamwambia Badi hajui hata kubadilisha taa. Fundi ni mkwe wangu Chiku. Amesomea, mikono yake dhahabu, redio zikimwona zinaanza kuimba zenyewe.

Chiku bado sijamwambia. Atafurahi. Kabibi kawapasha majirani wote, na wote watamletea vya kutengeneza: friji, pasi, feni, saa ya ukutani. Jumapili, baada ya alasiri.