Kigae cha Kuombea Moto

Jumatatu, tarehe 7 mwezi wa kumi

Ninaandika mu kaye ya masomo ya binti yangu Anne, daftari lake la mwaka jana. Kurasa kumi na nne nyeupe zilibaki nyuma. Kununua kaye mupya wakati kurasa nyeupe zinalala? Hapana! Mama asingekubali.

Usiku mutoto wangu mudogo Théophile alilia meno. Macho yangu iko kama ya samaki sambaza iliyokaushwa. Lakini akili inafanya kazi. Jumapili, siku ya Mungu, Théophile anabatizwa, na Mama anatoka Kirolirwe kuja kuona, kama barabara inapitika. Tangu niolewe huku juu ya Kirotshe, Mama hajaingia hata mara moja mu jiko langu. Atakuta nini? Atakuta binti aliyefundishwa!

Nimekata shauri. Vipande vya sabuni nimevikanda kuwa sabuni moja (ina rangi tatu, inapendeza). Majani ya chai yanakauka ku dirisha kwa safari ya pili. Na kibiriti: hata kijiti kimoja kisiwashwe mpaka siku ya ubatizo. Kimebaki kimoja tu mu nyumba, na mvua hizi zinakula vijiti vitano kabla kuni moja ikubali kushika.

Mama hakutumiaka kibiriti. Kila asubuhi alinipa kigae, kile kipande cha chungu kilichopasuka, akanituma kwa mama muzee Mukasine, chini ya migomba, nikaombe moto. Bado nasikia baridi ya umande ku miguu. Mukasine alikuwa anaenda polepole kama konokono. Alinishika mukono, akauliza niliota nini, akanipatia kiazi cha kuchoma, njo akachagua kaa zuri na kulipuliza mpaka tukafika ku lupango, ua wa nyumba yetu. Nikirudi, jiko letu lilikuwa linanuka jivu lililolowa maji. Sijui kwa nini nikikumbuka harufu ile machozi yanakuja. Ni uchovu. Ni meno ya Théophile.

Basi, nilimutuma Anne na kigae kwa Adelaïde. Adelaïde iko jirani yangu, rafiki yangu, na siku ya Mungu njo maraine, mama wa ubatizo wa Théophile. Alitoa kaa kubwa kama ngumi. Ushindi! Edmond, bwana yangu, aliuliza kama kibiriti kimoja kingetufilisi. Nikamujibu nyumba hazianguki na tetemeko tu. Zinaanguka kijiti kwa kijiti. Akakunywa chai yake. Hakujua ni majani ya juzi.

Jumanne, tarehe 8

Moto tena kwa Adelaïde. Bure! Na chumvi kidogo, kwa sababu Anne alikuwa tayari huko na mukono mumoja ulikuwa mutupu. Adelaïde alimutuma salamu: eti kibiriti cha mama yako kiko mu konje, kimepewa mapumziko? Sikukasirika. Muntu anayetengeneza mambo makubwa hasikilizi maneno madogo. Lakini nilisikia vizuri.

Nimeficha kibiriti mbali na majaribu, juu kabisa, kati ya mabati na muti wa paa. Nimekifunga mu karatasi. Ningekiweka mu mufuko wa plastiki, lakini tuko na mumoja tu, na ule unafunika chumvi. Edmond hatakipata. Hata mimi ninahitaji kiti.

Jumatano, tarehe 9

Saa moja: hakuna moshi kwa Adelaïde. Saa mbili: hakuna. Nikachungulia ku lupango. Adelaïde ameketi ku mulango wake, mikono juu ya magoti, hamenyi kitu, hafagii kitu. Anatazama paa langu. Paa langu! Anangojea moshi wangu!

Basi, tuone nani atachoka.

Anne alienda ku masomo na kiazi baridi. Aliniangalia kama mimi ni mama wa kambo. Nikamufunga vifungo vya shati, nikamubusu ku paji la uso, nikamwambia kiazi baridi kinaleta akili, aende. Edmond alienda ku shamba la maharagi bila chai. Alisema kukosa chai ile si hasara kubwa. Nitamuuliza alitaka kusema nini.

Saa nne Théophile akahitaji maji ya moto. Hapo hakuna ujanja, mama iko mama. Nilipanda kiti, nikatoa kijiti kimoja, kikazimika. Cha pili, kikazimika. Cha tatu, cha nne, njo kuni ikashika. Moshi haujafika ku migomba, hodi! Solange, binti wa Adelaïde, na kigae. Kigae gani! Nusu ya chungu! Akasema kwa heshima zote eti mama yake anaomba moto, kidogo tu, kama vile nyinyi munaombaka.

Nikamupa kaa kubwa kama haragi moja. Lilizimika kabla hajavuka lupango, nilimuona akisimama na kulipuliza. Nikajisikia vibaya. Dakika tatu hivi.

Alhamisi, tarehe 10

Aibu. Aibu!

Asubuhi nilifungua mulango nikaona moshi muzito juu ya jiko la Adelaïde. Nikasema: ameshindwa! Nikachukua kigae mimi mwenyewe, Théophile ku mugongo, nikakimbia nifike kabla hajabadilisha roho. Katikati ya njia, pale ku jiwe la kufulia, nani anakuja mbio? Adelaïde, na nusu ya chungu ku mukono. Yeye alikuwa ameona moshi mukubwa juu ya jiko langu.

Ulikuwa ukungu. Umepanda kutoka ku ziwa, umekaa juu ya nyumba zote mbili, na sisi wanawake wazima tumekimbilia ukungu na vigae.

Tukaamkiana. Adelaïde akasema anatafuta kuku wake. Nikasema mimi pia, kuku. Nyumba yangu haina kuku, na Adelaïde anajua.

Hapo akapita Papa Floribert, mukatekista wetu. Alifurahi kutukuta pamoja, maskini. Akatukumbusha kwamba majina ya watoto na wasimamizi yanafungwa Jumamosi. Mutoto asiye na maraine anangojea Pasaka. Adelaïde akatazama kigae changu muda murefu. Akamwambia Papa Floribert jina lake aliandike kwanza kwa penseli. Eti yeye hajui kama mama anayetoa kaa la haragi moja anaweza kumuachia muntu mutoto muzima.

Kwa penseli!

Edmond alisema niende kuomba musamaha leo leo. Nikamwambia kesho. Adelaïde njo aanze! Lakini Pasaka iko mbali. Mama atakuwa amekuja bure, na njia ilivyo, hatuwezi kujua atarudi lini. Tena gauni la ubatizo ni lile la Anne, nimelikata mikono na kutoa maua. Mutoto huyu anakula kama anajenga kanisa. Leo linapita ku kichwa kwa shida. Ku Pasaka halitapita hata ku mukono.

Ijumaa, tarehe 11

Sitaomba moto kwa muntu tena! Jana jioni nilichoma kijiti kimoja, cha mwisho kabla ya ubatizo, tukapika, halafu nikafanya kama wazee: gogo la mukaratusi, jivu laini juu yake, moto ukalala humo kama mutoto mu blanketi. Asubuhi unafunua, unapuliza, unaishi bila majirani. Nikaamka ninaimba.

Edmond alikuwa ameamka mbele yangu. Edmond iko bwana muzuri, nisimuseme vibaya. Alikuwa amejiambia: Claudette amechoka, mama-mukwe anakuja, nimusaidie. Alikuwa amefagia mafiga. Amezoa jivu lote. Amemwaga ndoo nzima ya maji, chini pakatakata. Alisimama na fagio akingojea nimushukuru.

Nilimushukuru. Nikaenda nyuma ya nyumba nikacheka mpaka nikalia, ao kilio njo kilianza, sijui tena. Jiko lilikuwa linanuka jivu lililolowa maji. Sawasawa na kwetu. Nikasimama ku mulango nikivuta hewa kama mujinga, na kwa muda kidogo nilikuwa na miaka saba.

Halafu nikapanda kiti. Mvua ya usiku ilikuwa imechagua kupita pale pale, kati ya mabati na muti. Karatasi ilikuwa uji. Vijiti vilikuwa laini kama makaroni, na vichwa vyao vyekundu vilibaki ku vidole vyangu. Wiki nzima ninavichunga!

Chumvi iko salama mu plastiki. Ni chumvi ya Adelaïde.

Edmond akashuka kununua kibiriti kingine. Duka limefungwa, mwenyewe ameenda kuona ndugu zake Buleusa. Akasema Adelaïde iko hatua ishirini kutoka hapa. Nikamwambia ndizi za kuiva zina vitamini. Tulikula ndizi asubuhi, ndizi saa sita, ndizi jioni. Anne aliuliza kama mama ya papa alikuwa pia anafanya hivi, ao ni mama yangu peke yake. Nikamwambia akule.

Jumamosi, tarehe 12

Mama amefika! Siku moja mbele, juu ya pikipiki, na kuku wawili na mufuko wa maharagi. Alisema leo barabara ilikuwa muzuri, na ya kesho Mungu njo anaijua.

Alinikuta ninaanika vijiti vya kibiriti ku dirisha, pembeni ya majani ya chai. Akanikumbatia. Amekuwa mudogo, Mama. Kichwa chake kinafika ku bega langu, zamani kilikuwa juu ya kila kitu. Akamubeba Théophile, akaingia mu jiko, akagusa mafiga. Baridi.

Akaona kigae changu ku ukuta. Akakigeuza mu mukono, akatabasamu kama amekutana na muntu wa zamani. Akauliza jirani iko nani. Nikaonyesha kwa kidevu. Akaenda.

Nikangojea. Nusu saa. Saa nzima. Moto gani unaombwa saa nzima? Njo nikasikia kicheko. Cha Adelaïde! Nikajitanda kikwembe nikafuata.

Walikuwa wameketi pembeni ya moto, wanakunywa chai ya majani ya kwanza. Adelaïde alikuwa amewasha kwa sababu ya mugeni. Mama alikuwa anamuelezea habari za mama muzee Mukasine. Mimi, kwa majivuno, nikaingilia: ndiyo, hivyo njo tulikuwa tunachunga kibiriti!

Mama akaniangalia. Akauliza: kibiriti gani?

Akasema kibiriti hakikukosekana kwetu hata siku moja, kilikuwa nyuma ya picha ya Bikira Maria. Mukasine alikuwa amezika bwana yake na kijana wake mwaka mumoja. Alikataa kula, alikataa kuamka. Watu wakubwa walienda kumubembeleza, akageukia ukuta. Lakini mutoto akisimama ku mulango na kigae, anatetemeka baridi, muntu mukubwa atafanya nini? Ataamka awashe. Na akisha kuwasha, atachoma na kiazi. Basi Mama alikuwa anamwaga maji ku moto wake mwenyewe kila asubuhi, halafu ananituma.

Kila asubuhi. Miaka miwili. Na kuni zilivyokuwa mbali.

Nikauliza kwa nini hakuniambia. Akasema mutoto akijua, angeenda na uso wa huruma. Yeye alitaka niende na uso wa baridi.

Harufu ile ya jivu lililolowa, nilikuwa nimeinusa miaka ile yote. Adelaïde alipangusa macho na ncha ya kikwembe. Nikamwambia kaa la Jumatano lilikuwa dogo, anisamehe. Akasema na mimi nimusamehe ile kuku. Tukacheka mpaka Théophile akaogopa.

Papa Floribert alipita saa tisa. Jina limeandikwa kwa biki, wino usiofutika.

Jumapili, tarehe 13

Amebatizwa! Maji yalipomugusa alipiga kelele mpaka wazee wakapiga makofi. Gauni lilipasuka ku bega wakati Adelaïde anamuinua, yeye akaweka kidole gumba juu ya tundu, hakukiondoa mpaka mwisho wa misa. Huyo njo maraine.

Tulipika ku moto miwili, kwake maharagi, kwangu kuku. Mama aliketi mu jiko langu, akachochea kuni akiimba ile wimbo ya kupepeta, ya kwetu. Nikaketi chini, kichwa ku magoti yake, na sahani chafu zikingojea. Hakuna aliyeniuliza kitu. Dakika kumi nzima nilikuwa mutoto wa muntu.

Jumatatu, tarehe 14

Mama ameondoka asubuhi. Nilisimama ku njia mpaka sauti ya pikipiki ikaisha.

Ameniachia zawadi: pakiti nzima ya vibiriti, kumi! Alinishika mashavu akasema nitumie, mwanangu, nisivitese. Nimevificha tayari, kati ya mabati na muti wa paa. Vitangojea ubatizo ujao. (Mufuko wa plastiki ungali ku chumvi.)

Nimefikiri sana maneno yake. Nimeyaelewa mpaka ndani. Kuomba moto si ubahili hata kidogo, iko upendo! Kwa hiyo Anne ataenda kwa Adelaïde kila asubuhi, kwa upendo. Na kikombe ku mukono wa pili, kama upendo utakuwa na mafuta kidogo.

Nilikuwa ninamutafutia kikombe, hodi! Solange yuko ku lupango. Nusu ya chungu chini ya mukono mumoja, kikombe ku mukono mwingine. Eti mama yake anatusalimia kwa upendo mwingi.

Mu mafiga kulikuwa na moto muzuri, uliobaki wa jana. Nikashika ndoo, nikaumwagia maji wote, sawasawa kama Mama. Nikatoka nikamwambia Solange kwa uso wa baridi: pole mutoto, kwetu leo hakuna moto.

Halafu nikamupa Anne kigae, nikamwambia amufuate.