Kofia ya Askari Asiyekuwepo

Jumatatu, 4 Agosti

Daktari amesema moyo wangu umechoka. Amesema kwa upole mno, kwa hiyo nimeelewa. Maonyesho ya kuigiza vita vya kilimani ni Jumamosi hii; ya mwakani yatanikuta chini ya udongo. Nimefundisha historia maisha yangu yote, na hakuna kitu cha mikono yangu kilichowahi kutumika kwenye maonyesho hayo. Hata kifungo!

Shemeji yangu je, kaka wa marehemu mke wangu? Karani wa posta mstaafu, bunduki pekee aliyowahi kushika ni ya mbao, lakini kila mwaka anakivisha kikosi kizima mikanda na mikoba ya risasi aliyoishona mwenyewe. Watu wanamwita Kanali. Naye anaitika!

Basi, nimetengeneza kofia ya chuma. Iko chini ya kitanda, ndani ya beseni la siki na chumvi, inapata kutu ya kizamani. Nikiwa hapa mwisho wa safari sitaki kusema uongo: ilikuwa karai la binti yangu.

Jumanne, 5 Agosti

Kutu imekubali. Nzuri ajabu! Rangi ya tofali, vishimo vidogo vidogo kila mahali. Mtu angeapa imelala ardhini tangu siku ile ya vita. Nikamwita binti aione kabla sijaipeleka kwa Mwenyekiti wa chama chetu cha historia.

Aliigeuza juu chini. Kwanza akauliza kama lile si karai lake. Nikasema lilikuwa. Kisha akauliza, taratibu, kama anavyowauliza wagonjwa wake wodini: "Baba, kwani hao askari walikwenda vitani na kutu?"

Nikakaa kitandani.

Kanuni ya kwanza ya chama: kila kifaa kionekane kama kilivyokuwa asubuhi ya vita. Niliiandika mimi! Asubuhi ile kofia zao zilikuwa mpya, zinanuka rangi na ghala. Mimi nimetengeneza kofia ya marehemu, nikitaka avalishwe mtu mzima mwenye afya yake. Kuisugua haiwezekani, kutu imekula mpaka pametoboka. Nililia kidogo. Binti alidhani ni kifua.

Jumatano, 6 Agosti

Nimepata akili. Kama haifai kuvaliwa, basi na ifukuliwe!

Keshokutwa wanachimba shimo la mlingoti wa bendera kule kilimani. Kigingi cha kuonyesha mahali kimeshapigwa. Kofia ikiwa pale chini, nami nikiwa pale juu kwenye kiti changu, nitainua fimbo na kusema: polepole wanangu, naona chuma. Itawekwa ndani ya kioo langoni. Chini yake litaandikwa jina la aliyeigundua. Langu.

Nikamwomba binti anipeleke nikawaombee walioanguka. Alibaki garini, kwa heshima, asijue kofia iko ndani ya koti langu. Nikapiga magoti, nikachimba kwa mwiko wa jikoni huku nikisali kwa sauti ili asishuke. Sijawahi kusali kwa muda mrefu hivyo. Na katikati, Mungu ni shahidi, nikajikuta nawaombea kweli. Walikuwa vijana wa umri wa wanafunzi wangu. Machozi yakadondokea mwikoni.

Kisha nikasawazisha udongo kwa kiatu.

Ijumaa, 8 Agosti

Sikwenda! Tangu juzi miguu imegoma. Kuchimba kumenimaliza. Nimelala chali nikiitazama dari, nikijua kule wanachimba bila mimi.

Mchana simu ikalia. Kanali. Alikuwa analia kama mtoto. Shimo alikuwa akilichimba yeye, koleo likagonga chuma. "Shemeji, nimempata! Nimempata mtoto wa watu!" Alisema alipiga saluti palepale ndani ya shimo, na wenzake wote wakavua kofia. Alisema katika maisha yake hajawahi kupata kitu chochote, hata barua. Miaka yote aligawa za wenzake.

Nikampongeza. Nikasingizia uchovu. Akaniambia nijitahidi kunywa supu.

Jumamosi, 9 Agosti

Nilipelekwa kwa kiti cha magurudumu. Kioo kiko langoni. Jina la Kanali, herufi kubwa.

Bibi mmoja aliweka kiganja juu ya kioo, akainamisha kichwa, akamlilia kaka yake aliyepotea vitani. Alililia karai. Hapo nikaogopa. Wivu ni kitu kimoja, lakini mtu hawezi kwenda mbele ya Muumba na chozi la bibi yule shingoni.

Nikamwita Mwenyekiti, daktari wa meno mstaafu, mama asiyedanganyika kirahisi. Nikamwambia yote. Karai. Siki. Mwiko. Akamgeukia binti yangu. Binti naye akamtazama mjomba wake, aliyekuwa kando ya kioo, kifua mbele, akiwaeleza wageni jinsi koleo lilivyogonga.

"Ni dawa, mama," binti akasema. "Wiki hii anachanganya mambo." Akanibinya bega. Akabinya sana.

Garini nikalalamika kwamba amenizuia kutubu. Akasema: "Baba, mwache mjomba afurahi. Mimi mwenyewe karai nimesamehe."

Jumapili, 10 Agosti

Mwenyekiti amekuja kunijulia hali. Ameleta machungwa na kibao kidogo cha mbao. Chama kinaniomba mimi, mwanahistoria wao, niandike maneno ya kuwekwa chini ya kofia: askari huyu alikuwa nani. Kama sijui, niandike tu kwamba hajulikani. Lolote nitakaloandika, alisema, watalibandika bila kugusa hata nukta.

Alipoondoka nikaelewa. Hii ndiyo toba niliyonyimwa jana! Mstari mmoja wa kweli, kwa mwandiko wangu, wala hakuna wa kusema ni dawa. Yule bibi ataacha kulia mahali pasipo pake. Nami nitaondoka mwepesi. Nikaomba kalamu. Nikafumba macho. Mkono ukaandika.

Mkono umeandika kwamba kofia hii ilivaliwa na kijana hodari, msomi, mpenzi wa historia, aliyeanguka akiwakinga wenzake. Jina nimeweka langu, pamoja na la baba. Limekaa vizuri sana. Wakiuliza, majina hufanana.

Cheo niliandika koplo. Sikutaka makuu. Kisha nikamfikiria Kanali, atakayesimama pale kila mwaka kupiga saluti.

Nikafuta koplo. Nikaandika brigedia.