Mfuniko Ulioharibu Ushahidi

Redio ya Wembe kinyozi iliharibika kitufe cha sauti zamani, kwa hiyo pale kijiweni, kwenye benchi la nje ya kibanda chake, hata habari ya manyunyu hutangazwa kama vita. Asubuhi hiyo ilipiga kelele kwamba Kamati ya Kupitia Vifo vya Watoto imejiongezea mwaka mmoja zaidi, ili ikamilishe kazi yake kwa umakini. Mhutasari akatamani ardhi ipasuke immeze. Yeye ndiye karani wa kamati hiyo, na jina hilo alipewa na benchi lilelile, kwa kuwa hata tumbo likimuuma huelezea kwa vipengele.

"Kamati hiyooo!" Wembe akapaza sauti, mashine mkononi, mteja kaachwa nusu kichwa. "Mwaka mwingine! Mkija kumaliza, hao watoto wangekuwa na wajukuu!"

"Usikejeli usichokijua," Mhutasari akajibu, akipuliza kahawa. "Kila kifo tunakipitia hatua kwa hatua. Daktari yupo, polisi yupo, ustawi wa jamii yupo, mtu wa maji yupo. Hatutafuti wa kulaumiwa. Tunajifunza, ili kisitokee tena."

"Mnajifunza mpaka lini?" Mama Buli, muuza kahawa, akadakia. "Hata mtoto wa chekechea huhitimu!"

Benchi likaangua kicheko. Asiyecheka alikuwa Fundi peke yake, mchomelea vyuma mwenye karakana ng'ambo ya barabara. Mwaka jana binti yake wa miaka sita alikatiza nyuma ya zahanati akienda shule, akatumbukia kwenye shimo la maji machafu lisilokuwa na mfuniko. Watu wote wa benchi lile walikuwa mazishini, Mhutasari akiwemo, tena koleo alilishika kwa mikono yake.

"Faili la mwanangu limefika wapi?" Fundi akauliza.

"Ndugu yangu, hiyo ni siri ya kamati."

"Siri? Maiti nimeibeba mimi, siri mnamficha nani?"

Mhutasari akakohoa. "Liko kwenye foleni. Lazima wajumbe watembelee eneo kwanza."

"Shule zinafunguliwa Jumatatu," Fundi akasema. "Watoto watapita palepale."

"Hebu subiri," Wembe akaingilia. "Lile shimo si ulilifunika mwenyewe wiki ileile ya mazishi?"

"Nililifunika. Futi nne kwa tatu, chuma kinene, na bawaba nikaweka. Siku ya tatu watu waliotumwa na kamati wakaja na gari, wakaung'oa mfuniko, wakaja kuuegemeza ukutani kwangu pamoja na barua."

Akachomoa karatasi mfukoni mwa shati, imekunjwa mpaka mikunjo imeanza kuchanika. Wembe akaipokea, akasoma kwa sauti ya hakimu:

"'Eneo libaki kama lilivyokuwa siku ya tukio, hadi hapo kamati itakapolitembelea. Mfuniko uliowekwa unaharibu ushahidi.'"

Wembe akaigeuza karatasi, kana kwamba mzaha umeandikwa nyuma.

"Mama yangu!" Mama Buli akajishika kichwa. "Yaani shimo limepewa ulinzi, watoto wajipitie!"

"Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta," Wembe akasema. "Hawa wameonyeshwa ufa, wakauundia kamati, na aliyeuziba wakamwandikia barua! Jamani, kuna watu wana akili mpaka zinawadhuru."

"Kuna utaratibu!" Mhutasari akajitetea. "Likifunikwa, wajumbe watajuaje kwamba lilikuwa wazi?"

"Waniulize mimi," Fundi akasema.

Mteja wa nusu kichwa, ambaye hakuna aliyemkumbuka, akauliza kutoka kitini, "Na hiyo barua kasaini nani?"

Wembe akashusha macho mwisho wa karatasi. Kisha akayapandisha taratibu, yakatua kwa Mhutasari. Mhutasari alikuwa akichungulia kikombe kilichokwisha kahawa. Siku ile alisaini barua kumi na mbili kabla ya chakula cha mchana, na hiyo ilikuwa kati ya barua ya kuomba viti na barua ya kuahirisha kikao. Angependa kujidanganya kwamba hakuisoma. Aliisoma, na hata lugha yake ilimpendeza.

"Niliagizwa," akasema. "Mimi ni karani tu."

"Karani tu!" Mama Buli akafyonya. "Mkono wa kusaini unao, mdomo wa kusema hapana ulimwazima nani?"

"Nimejua tangu siku ile," Fundi akasema, bila kupandisha sauti. "Miezi minane nakunywa kahawa pembeni yako, nangoja uniambie mwenyewe."

Mhutasari akageuzageuza kikombe kitupu. Aibu ilimshika hadi masikioni.

Fundi akainuka, akavuka barabara, akauburuta ule mfuniko kutoka ukutani hadi katikati ya njia. Kutu ilikuwa imeanza pembeni. Wembe na mteja wake wakakurupuka kusaidia, Fundi akawazuia kwa kiganja.

"Mhutasari. Njoo."

"Nitafukuzwa kazi, Fundi."

"Huenda."

Karani akatazama upande wa zahanati, akatazama benchi. Hakuna aliyemtetea. Akaweka kikombe chini, akavua koti, akavuka. Akainama, akavuta upande wake kwa nguvu zote. Haukunyanyuka hata upana wa kidole.

"Mbona huku kuzito hivi?"

"Bawaba ziko huko," Fundi akasema, upande wake keshauinua. "Nimemwachia aliyeung'oa kwa kalamu. Nyanyua."