Mkaguzi wa Katoni Arobaini

Asali, aliyepewa jina hilo kwa ajili ya ulimi wake, alimsindikiza shangazi yake hospitalini kuchukua dawa ya presha. Dirishani wakaambiwa, "Dawa hakuna. Njooni wiki ijayo." Hiyo ilikuwa wiki ya nne, na kichwa kilikuwa kinamgonga shangazi vibaya. Lakini Asali alikwisha chungulia nyuma ya mtoa dawa: stoo imejaa katoni mpaka darini! Mtu mwema angekasirika. Asali alifurahi.

Kesho yake akarudi na koti jeupe, pamoja na miwani ya kuazima iliyomtia kizunguzungu.

"Mimi ni mkaguzi kutoka makao makuu," alimwambia mama mtunza stoo. "Dawa hizi zimeisha muda. Naziondoa leo hii."

Alikuwa anadanganya, bila shaka. Mwenye duka la dawa mjini alikuwa anazisubiri kwa hamu, na donge nono mfukoni.

Mama alilitazama koti, akavitazama viatu. "Zote, mwanangu?"

"Zote zilizopangwa ukutani. Nisione hata moja!"

"Haya. Tia sahihi hapa, na hapa. Na namba ya simu."

Asali akatia kwa mbwembwe. Hata wapakizi akatafutiwa.

Kule dukani, mwenye duka alifungua katoni ya kwanza, ya pili, ya kumi. "Unataka kuniulia wateja? Hizi ziliisha muda mwaka juzi!"

Tumhurumie jamani. Siku moja tu maishani mwake alisema kweli, na mwenyewe hakujua. Jalalani wakamfukuza, kwani dawa hazitupwi ovyo. Akarudi stoo mbio.

"Mama, chukueni vitu vyenu."

"Miaka miwili naomba mkaguzi aje atie sahihi, nitoe uozo ule ili mzigo mpya upate pa kukaa. Wa kweli hawaji. Karatasi inataka sahihi, haijauliza ni ya nani."

"Lakini mimi si mkaguzi!"

"Hilo utakwenda kuwaambia polisi?"

Asali akanywea. Katoni zote arobaini akazipeleka chumbani kwake.

Siku ya pili shangazi alikuja na dawa mkononi, akakosa kiti, akakalia katoni. "Leo wametuhudumia chapuchapu! Eti kuna mkaguzi kasafisha stoo. Mungu amzidishie."

Simu ya Asali ikalia. Alikuwa mwanamke asiyemjua.

"Mkaguzi? Namba yako nimepewa na mwenzangu wa stoo. Sisi hospitali yetu tunazo katoni mia mbili."