Taa ya Upepo Inavyonizuia Kuwa Babu

Saifuddin, Muuza Vyombo,
Kilwa Masoko.

Ndugu Mhariri,

YAH: OMBI LA KURUDISHIWA MATAIRI YANGU VIPARA

Salaam nyingi kwako na kwa wote unaofanya nao kazi, akiwemo yule anayekata barua ndefu, ambaye namwomba kwa heshima zote leo apumzike. Nimeanza kuandika baada ya chai ya asubuhi, na mimi huandika polepole.

Sina tabia ya kulalamika. Binti yangu Alifiya ameolewa Lindi na mimba yake ya kwanza imefika ukingoni. Mama yake, Bi Rabiabai, anatakiwa awe kando yake. Dada yangu mkubwa, Bi Kaniz, hatakiwi na mtu yeyote, lakini naye lazima awepo. Gari ninalo. Kwa heshima ya safari hiyo nilikwenda Nangurukuru nikabadilisha matairi yote manne, maana yale ya zamani yalikuwa vipara, yanang'aa hata kunguru alikuwa anajitazamia. Nikafungiwa mapya, meusi, bado yana vile vinyweleo vya mpira. Nililizunguka gari kama bwana harusi. Nikaliwasha nirudi nyumbani, na hapo kwenye dashibodi ikawaka taa ya manjano.

Mpaka leo hatujafika Lindi. Malalamiko yangu ni kama ifuatavyo:

1. Taa yenyewe haieleweki. Ni mchoro wa sufuria isiyo na mfuniko, ndani yake alama ya mshangao. Nimeuza sufuria tangu ujana wangu na sijaona hata moja ya kushangaza kiasi hicho. Fundi Tawakali, aliyefunga matairi hayo, akaniambia si sufuria, ni tairi lililokatwa katikati, na maana yake upepo ni mdogo. Nikamwuliza kwa nini walichore limekatwa ilhali langu ni zima. Akasema, "Mzee wangu, mimi sikulichora." Akaleta geji, akapima tairi moja baada ya jingine, upepo sawasawa. Taa ikaendelea kuwaka. Akajifuta mikono akasema, "Itazima tu. Gari linatakiwa lijifunze matairi mapya likiwa linatembea." Ndugu Mhariri, gari hili limetembea Japani, limetembea Dar es Salaam, limebeba maharusi na maiti. Leo ndio linaanza shule?

2. Nakuomba uitazame haki iko wapi. Nilipokuwa na vipara, taa hii haikuwaka hata siku moja. Tairi moja lilikuwa na waya unachungulia nje kama unataka kuuliza njia, na dashibodi ilikuwa kimya, tulivu, kama uso wa mtoto aliyelala. Nimeweka mapya, kelele. Mtu mwenye akili zake ataelewa nini? Ataelewa kwamba vipara ndivyo vilivyokuwa salama na mapya ndiyo hatari. Hayo siyasemi mimi, linayasema gari, na gari ndilo linaloyavaa.

3. Tumejaribu kwenda, isije ikasemwa kwamba hatukujaribu. Mara ya kwanza tulibeba samli, sanduku la nguo za mtoto na Bi Kaniz. Niliendesha kwa tahadhari ya hali ya juu. Kila baada ya mwendo mfupi nilisimama, nikashuka, nikayapiga matairi mateke nisikie yanavyolia, nikarudi ndani nikatazama. Inawaka. Nikasogea tena, nikasimama tena. Tulipofika Nangurukuru tukageuza. Mara ya pili tulifika Kiranjeranje, na hapo muuza chapati mmoja, Mama Mwanahija, akaniita mbele za watu: "Baba, gari limekukosea nini mpaka unalipiga hivyo?" Watu wakajaa. Huyu akasema gari lina kiu, yule akasema ni sensa ya matairi imeungua, mwingine akasema nitoe waya wa betri na kila kitu kitasahaulika. Nikatoa. Kweli kila kitu kikasahaulika: saa ikasahau wakati, redio ikasahau stesheni zake zote. Tuliporudisha waya, cha kwanza kukumbuka kazi yake kilikuwa ile taa.

4. Lalamiko hili nimelifuta kwa sababu mke wangu amepita nyuma yangu akalisoma.

5. Bi Kaniz alibandika plasta juu ya taa, ile ya kidonda. Plasta ikafunika na geji ya mafuta. Tukawa hatujui kama tuna upepo na hatujui kama tuna petroli. Halafu mwanga ukawa unapenya kwenye vile vitundu vya plasta, kwa hiyo badala ya taa moja tukapata nyingi ndogondogo. Alipoona hivyo, na kwa kuwa fundi alisema gari linajifunza, akaamua kulifundisha. Dada yangu amefundisha Kurani chuoni miaka mingi, watoto wa mji huu wote wamepita mikononi mwake. Sasa kila siku anaketi kiti cha mbele, gari limezimwa pale uani, na analisomesha: "La mbele kulia ni jipya. Sema. La mbele kushoto ni jipya. Sema." Majirani wanasimama ukutani kusikiliza. Ameniambia hajapata kukutana na mwanafunzi mzito namna hii, na kwamba kosa ni la wazazi. Nadhani alinikusudia mimi.

6. Nyumba yangu inayumba. Bi Rabiabai amepanga sanduku na kulipangua mara nyingi, na safari hii hakulipangua. Aliniambia, "Baba Alifiya, mtoto hatasubiri taa izime." Nikamjibu kwamba mume mwema hapakii familia yake kwenye gari linalojishuhudia lenyewe kwamba ni bovu. Akasema basi atapanda basi. Nikakataa. Lindi nzima itauliza, Saifuddin ana gari lenye matairi mapya, mbona mkewe kashuka kwenye basi na samli kichwani? Tangu hapo anazungumza nami kwa kupitia Bi Kaniz. Asubuhi hii ameniwekea chai bila kuniangalia, akamwambia wifi yake, "Mwambie mdogo wako sukari imo." Nilikuwa nimekaa hapo hapo. Ndugu Mhariri, nilisikia kitu kinanichoma hapa kifuani, na sidhani kama ilikuwa chai.

Kutokana na hayo yote, naomba yafuatayo.

Kwanza, nirudishiwe vipara vyangu. Nilimfuata Tawakali kuvidai, akasema alishampa mshona viatu, na mshona viatu alishavikata katambuga, na katambuga zimeshauzwa, nyingine ziko Tingi, nyingine ziko Pande, zinalima. Hivyo natangaza kwa kupitia gazeti lako: kila aliyenunua katambuga mpya karibuni azilete dukani kwangu, zote mbili, kushoto na kulia, ili ziunganishwe ziwe matairi tena. Atakayeleta atapewa sufuria yenye ukubwa unaolingana na mguu wake. Mmoja nimeshamwona mwenyewe sokoni. Niliutambua mpira wangu kwa jinsi usivyokuwa na alama yoyote. Nilimfuata nyuma kwa muda mrefu, Ndugu Mhariri. Alikuwa anatembea bila wasiwasi, na hakuna kitu kilichokuwa kinawaka mwilini mwake.

Pili, ikishindikana, Serikali itoe agizo kwamba matairi mapya yasiuzwe mpaka kwanza yachakazwe na mtu mwingine. Wapo vijana wengi hawana kazi, wangeweza kuajiriwa kuyaviringisha kutoka Nangurukuru mpaka Lindi na kuyarudisha.

Tatu, ikishindikana na hilo, naomba mjukuu wangu asizaliwe mpaka taa izime. Najua hili si jambo la gazeti. Nilimpigia mkunga, akaniuliza kama nimekula. Ndio maana nimekuja kwako.

Siombi makubwa. Nataka kufika Lindi nikiwa na gari linaloniamini, mke anayeniangalia, na nimshike mtoto huyo kabla mtu mwingine hajamwambia habari zangu.

Nawasalimu wahariri wote, wapiga picha, anayeandika habari za bei za korosho, na mlinzi wa getini kwenu, kwani najua yeye ndiye hufika wa kwanza na kuondoka wa mwisho bila jina lake kuchapwa. Wazee wote wa hapo ofisini, shikamooni. Mungu awape nyote barabara nzuri na dashibodi zenye giza.

Wenu katika kusubiri,
Saifuddin

Tanbihi: Nilipomaliza kutia sahihi nilitoka kutafuta bahasha. Gari halipo uani. Sanduku halipo, samli haipo, Bi Kaniz hayupo. Nikadhani wezi, nikaona wamechukua mzigo mkubwa. Hapo simu ikalia. Alikuwa Bi Rabiabai, yuko Lindi, na amezungumza nami mwenyewe bila kupitia kwa mtu. Ameendesha yeye. Anasema hawakusimama popote. Bi Kaniz hakumruhusu kusimama hata kununua maji, aliogopa gari likizimwa litasahau somo. Walikwenda mwendo mmoja, na kabla ya kufika daraja la Mbwemkuru taa ikazima yenyewe, haijawaka tena. Nimempigia Tawakali. Alicheka mpaka simu ikakatika, kisha akapiga yeye kunieleza kwamba ndivyo alivyokusudia tangu mwanzo: gari hujifunza likitembea mfululizo, na mimi kila lilipokaribia kuelewa nilikuwa nasimama na kulipiga mateke.

Kwa hiyo barua usiichape. Niko standi, naandika juu ya goti, basi la Lindi linaita abiria na nimeshakata tiketi. Sina sanduku, nimevaa kofia ya dukani. Alifiya amejifungua salama leo hii. Ni msichana. Mama yake alimsogezea simu nikamsikia, analia kwa sauti nene ya mtu mzima mwenye hoja. Kondakta ameniuliza kwa nini nalia na mimi, nikamwambia, naye amewatangazia abiria wote, na wamenipigia makofi. Kama una nafasi gazetini, hata pembeni kabisa, chapa hilo tu.